Kabla hujapuliza dawa ya kuua magugu, tembea kwanza mpakani mwa shamba lako

Mkulima wa Soni

Wakuu habari za jioni. Wazee shikamooni.

Uzi huu nauandika nikiwa na uchungu. Vuli iliyopita nilimpa kijana kazi ya kunipulizia dawa ya kuua magugu kwenye kipande changu cha maharage huku Lushoto. Sikuwepo siku hiyo. Alipomaliza eneo nililomwonyesha, dawa ikabaki kwenye bomba, naye kwa nia njema kabisa akaona isiharibike. Akaimalizia mpakani, kwenye tuta la kukinga maji na nyuma ya banda la kuku. Baada ya siku 10 upande wote ule ulikuwa umekauka, rangi ya majani ya chai.

Mama yangu ameshapita miaka 80. Asubuhi moja alitoka na kikapu kwenda kuchuma mboga kama kawaida yake, akarudi nacho kitupu. Aliniuliza swali moja tu: "Mshunga wangu umeupeleka wapi?"

Nilikosa la kusema. Nilichofanya ni kumwomba anitembeze, anitajie kila kilichokuwa kimeota pale. Tulitumia zaidi ya saa nzima kwenye ukanda usiofika hata robo eka. Anainama, anavunja kijiti kikavu, anakinusa, anakitaja jina na kazi yake. Nikaandika kwenye daftari. Tulipofika mwisho ilikuwa mimea 19, na katika hiyo mimi mwenyewe, niliyezaliwa kwenye shamba hilo hilo, nilikuwa naifahamu 8 tu. Mingine yote kwangu ilikuwa "majani".

Baadhi ya aliyonitajia, kwa majina ya kwetu na ya Kiswahili. Mshunga ni huu ambao pwani mnauita mchunga. Mbwembwe ndiyo kishona nguo, vile vijiti vyeusi vinavyong'ang'ania suruali. Majani yake machanga ni mboga, na yakisagwa mabichi mama huyabandika kwenye jeraha la jembe. Bwache ni mchicha pori. Kulikuwa na mnavu, kivumbasi, kongwe la sungura, mziwaziwa, bangi mwitu (si ile mnayoifikiria), na vichaka viwili vya utupa alivyopanda marehemu baba.

Utupa ndio ulioniuma zaidi. Nimenunua dawa ya wadudu dukani miaka yote hii, kumbe nyingine ilikuwa imeota hatua 20 kutoka mlangoni.

Naomba tuandikiane hapa. Kila mtu aseme kwao gugu gani lina kazi gani, na hasa linavyotumika, siyo jina tu. Na lenye hatari tuambizane pia.

Binti Handeni

Shikamoo kaka. Pole sana, na mama mpe pole.

Mchunga mimi ndiyo mboga yangu. Wengi wanaukimbia kwa sababu ya uchungu, lakini ni kwa kutojua kuupika. Chuma majani ya juu, yale laini, kabla haujatoa maua ya njano. Ukivunja unatoa maziwa meupe yanayonata vidoleni, ndivyo ulivyo. Osha, kisha chemsha maji mengi kwanza ndipo utie majani, dakika chache, mwaga maji hayo. Wasiopenda uchungu kabisa humwaga mara mbili, ila bibi yangu alikuwa akisema ukimwaga mara mbili unakula nyasi. Kamua vizuri kwa mkono, katakata, kisha kaanga kitunguu na nyanya, tia mchunga, malizia na tui zito la nazi. Hapo uchungu unabaki nyuma ya ulimi tu. Kwa ugali wa moto na dagaa, utasahau nyama.

Kama huna nazi, karanga zilizotwangwa zinafanya kazi ileile.

Mtu wa Pembejeo

Mkuu nakupa pole, lakini tusidanganyane. Mimi nauza dukani na pia nalima. Maharage yakishindana na magugu kwenye wiki za mwanzo, mavuno yanashuka vibaya sana. Mtu mwenye eka 5 na watoto wote wako shule utamwambia apalilie kwa jembe peke yake? Hizi habari za "kila gugu ni dawa" zinawarudisha watu nyuma. Kuna sangari, kuna ndago, kuna kiduha. Hivyo navyo tuvitunze?

Mkulima wa Soni

Mtu wa Pembejeo, nakuelewa na sikupingi. Ndani ya shamba palizi ni lazima, nami nimepalilia tangu nina miaka 7. Kiduha hakina undugu na mahindi, kinanyonya mizizi yake chini kwa chini; ukiona yale maua yake ya zambarau, mahindi yalishaumia siku nyingi. Ninachosemea mimi ni ukanda wa pembeni, tuta na nyuma ya nyumba. Pale hapashindani na zao lolote. Tunapapuliza kwa sababu tu panaonekana pachafu.

Halafu hata hayo uliyoyataja, wazee walikuwa wanayasoma. Kiduha kikizidi, wanajua udongo umechoka. Panapoota mnavu na kongwe vimenawiri, vina majani mapana ya kijani kibichi, mama anasema hapo panafaa kupandwa bila kuuliza.

Mwanafunzi wa Mimea

Wakuu, kuhusu utupa na wenzake naomba niweke jambo la kitafiti, maana watu wakisikia "dawa ya asili" wanadhani ni ushirikina.

Kuna utafiti ulifanyika Moshi kwenye maharage, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la PLoS ONE mwaka 2015. Walitumia mimea ya pembeni mwa shamba: utupa, mmea wa jamii ya tughutu, alizeti pori na mingine, wakailinganisha na dawa ya dukani. Maharage yaliyopuliziwa mimea hiyo yalitoa mavuno yanayolingana na ya dawa ya dukani. Na kilichonifurahisha zaidi, wale mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi wanaokula wadudu mafuta, pamoja na buibui, walibaki wengi zaidi kuliko kwenye dawa ya dukani. Yaani askari wako wa shambani hawafi sana.

Kipimo chao ni rahisi: majani yanakaushwa kivulini, yanatwangwa yawe unga, kilo 1 kwa lita 10 za maji, unaongeza sabuni kama gramu 10 ili dawa ishike kwenye jani, unaacha siku nzima na usiku wake, unachuja kwa kitambaa, unapuliza.

Mambo mawili kwa utupa. La kwanza, sumu yake (rotenoni) inaharibiwa na jua, kwa hiyo puliza jioni. La pili, si kila utupa una nguvu. Utafiti uliofanyika Malawi uligundua kuna aina mbili zinazofanana kwa macho, moja ina sumu hiyo na nyingine haina, na wakulima wengi tu walikuwa wamepanda ile isiyo nayo. Kwa hiyo mbegu chukua kwa mtu ambaye kichaka chake umeona kinafanya kazi, usiokote barabarani.

Mkulima wa Soni

Mwanafunzi, hapo umenifungua macho. Baba alikuwa na neno lake: utupa haununuliwi, unaombwa. Mbegu aliifuata kwa rafiki yake Bumbuli, kutwa nzima kwa miguu, na palepale jirani kulikuwa na utupa. Sasa ndiyo naelewa.

Niongeze la samaki. Utupa ni sumu kali kwa samaki, ndiyo maana watu wabaya walikuwa wanautwanga na kuumimina mtoni, samaki wanaelea juu wote, hadi vifaranga. Uvuvi wa sumu ni kosa la jinai, na ni ubaya. Hata ukitumia kwa maharage, bomba usilioshee mtoni wala kwenye mfereji.

Na tughutu kwetu si dawa ya wadudu tu. Tangu zamani Wasambaa tunaupanda kwenye mipaka, majani yake tunayakata na kuyafukia kwenye udongo kabla ya kupanda. Yanaoza upesi, na shamba lililofukiwa tughutu linaonekana kwa macho, maharage yanakuwa na kijani kingine.

Omwana wa Kakamega

Hamjambo wandugu wa Tanzania. Nawasoma nikiwa huku magharibi mwa Kenya, naona ni hadithi moja.

Huku mnavu tunauita managu na mgagani ni saga. Nilipokuwa mdogo hizo zilikuwa mboga za watu maskini, zinaota zenyewe kwenye boma la ng'ombe na hakuna mtu angenunua. Mgeni akija unaficha saga unachinja kuku. Leo nenda Nairobi uone, managu imefungwa vifurushi kwenye supamaketi na mama mboga anaipangia bei juu ya sukuma wiki.

Nieleze munyu musherekha, chumvi yetu ya majivu, kwa sababu vijana wanaisahau. Unachukua maganda makavu ya maharage, unachoma yawe majivu. Unayaweka kwenye chombo chenye matundu chini, unamwagia maji polepole, yanachuruzika yakiwa na rangi kama ya chai nyepesi. Hayo maji kidogo tu kwenye sufuria ya saga au mrenda, mboga inalainika haraka na ukali unapungua. Saga ukishapika unaitia maziwa, unaiacha ilale, kesho unaipasha na kuongeza maziwa tena. Siku ya pili ndiyo tamu, ya tatu hata zaidi.

Na alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayofunga barabara zote huku, ilitoka Meksiko ikaja kama ua la bustani. Majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu nyingi. Mimi nakata, nafukia kwenye mashimo ya sukuma wiki, wiki moja tu yameshaoza. Shida ni kubeba, maana inataka mzigo mkubwa kwa shamba dogo. Panda kando ya shamba lenyewe, usiwe unaifuata mbali.

Mama Singida

Kwetu gugu la heshima ni mlenda pori. Masika unaota wenyewe katikati ya mtama, tunachuma mwingi kuliko tunaoweza kula. Unaanikwa kivulini ukauke bila kupoteza rangi, unatwangwa, unachekechwa, unawekwa kwenye kibuyu au ndoo yenye mfuniko. Mwezi wa tisa, nchi yote ikiwa kahawia, wewe unachota vijiko viwili unakoroga kwenye maji yanayochemka, unatia karanga, watoto wanakula ugali. Sisi tumevuka miaka ya njaa kwa unga huu, sisemi kwa kupamba.

Tabibu wa Kijiji

Mmesahau kubwa kuliko yote. Mchunga unatibu malaria. Unatwanga majani, unakamua, glasi moja asubuhi na moja jioni, siku tatu. Zahanati ya nini?

Mkulima wa Soni

Mzee wangu Tabibu, shikamoo. Naomba nikujibu kwa heshima, ila hapa sitanyamaza.

Ni kweli wazee walitumia mchunga kwa homa. Mimi mwenyewe nimeunywa, nakumbuka ule uchungu ulivyokuwa unakaza taya. Mwaka 2009 mwanangu wa pili alipata homa akiwa na miaka miwili na nusu. Tulimpa maji ya mchunga siku ya kwanza. Siku ya pili homa ikashuka mchana, tukashukuru. Usiku ikapanda, alfajiri akaanza degedege, macho yamegeuka juu, mikono imekakamaa. Nilimbeba mgongoni nikakimbia naye kwenye giza. Waliponipokea, muuguzi aliniuliza homa ilianza lini, nikasema juzi, akaniangalia tu. Alipona, leo ni kijana mrefu kunizidi. Lakini zile saa nilizopoteza ningeweza kumpoteza nazo.

Siku hizi kipimo ni tone la damu na dakika 15 hadi 20, na dawa mseto ipo. Mchunga tuule kama mboga, una faida yake mezani. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Msimamo huu siuhami hata aje nani.

Tabibu wa Kijiji

Nimekusoma kijana wangu. Sikuwa najua hilo la mwanao. Kwa mtoto nakubali.

Wa Kisongo

Wakuu, huku Arusha kuna gugu lina majani kama ya karoti na maua madogo meupe, limejaa kila mahali mpaka malishoni. Kuna mama jirani analichemsha ananywa. Ni salama?

Mwanafunzi wa Mimea

Mkuu, mwambie aache leo. Hilo ni gugu karoti, ni geni kabisa, asili yake ni Amerika, na Tanzania liliripotiwa huko huko Arusha mwaka 2010. Halina historia ya matumizi kwa wazee wetu kwa sababu wazee wetu hawakulikuta. Linawasha ngozi, linaleta mafua na pumu kwa wengi, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Ling'oe kabla halijatoa maua, vaa glovu na mikono mirefu. Shina moja linatoa mbegu kwa maelfu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye hatari, kuna mnanaha (msiuchanganye na mnanaa wa chai). Majani mapana yenye meno, ua jeupe refu kama tarumbeta, tunda lenye miiba, ukisugua jani lina harufu mbaya. Ukiwa mchanga unaota katikati ya mnavu na mchicha, na mchumaji mwenye haraka anaweza kuuchanganya. Mdomo unakauka, mboni za macho zinapanuka, moyo unakwenda mbio, mtu anaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Machi 2019 kule Karamoja, Uganda, sumu ya mimea ya jamii hii ilikutwa kwenye unga wa lishe uliogawiwa. Watu karibu 300 waliugua na 5 wakafariki. Chuma jani mojamoja, usichume kwa konzi.

Binti Handeni

Na mnavu wenyewe, matunda mabichi ya kijani watoto wasile. Hilo tulikatazwa tangu wadogo.

Mfugaji Mdogo

Samahani wakubwa, mimi nina kuku 30 wa kienyeji. Huyo bangi mwitu mliyemtaja anatumikaje? Na nasikia shubiri kwenye maji inazuia kideri.

Mkulima wa Soni

Mfugaji, bangi mwitu ni ule mrefu mwembamba, majani kama kitana, harufu kali inayobaki mkononi hata ukinawa. Mama anakata matawi mabichi anayatandika kwenye viota vya kuku wanaoatamia, chini ya nyasi. Utitiri hauipendi ile harufu. Kila yakikauka anabadilisha. Tumefanya hivyo miaka yote na kuku wetu hawakimbii mayai.

Shubiri kwa kideri, hapana. Nimeitumia, na nimezika kuku 17 ndani ya wiki moja. Kideri ni cha chanjo tu. Ile ya tone la jicho, I-2, haihitaji friji kali kama nyingine, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Unganeni majirani mnunue chupa moja, chanjeni siku moja.

Kivumbasi ghalani nacho kina mpaka wake. Mama anaweka tabaka la majani makavu, tabaka la maharage, na majivu kidogo yaliyochekechwa. Kwa maharage ya kula mpaka msimu ujao inatosha kwetu. Lakini kwa mahindi, akiingia dumuzi, huyo aliyeingia Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakamwita Scania, kivumbasi hakimsumbui. Tumia mfuko usiopitisha hewa, ufunge vizuri.

Mtu wa Pembejeo

Nimefuatilia uzi wote. Mkuu, nakubaliana na la mpakani. Kuanzia msimu huu mteja akinunua dawa ya magugu nitamuuliza anapuliza wapi. Hata mimi nyuma ya duka nimekuta kichaka cha utupa, nilikuwa nakifyeka kila mwezi. Kina maua meupe na maganda yenye manyoya laini kama sikio la paka. Nitajuaje kama ni wenyewe?

Mwanafunzi wa Mimea

Kwa macho huwezi mkuu. Tengeneza kidogo, puliza mistari miwili ya maharage yenye wadudu mafuta, miwili iache, angalia baada ya siku mbili tatu.

Mkulima wa Soni

Narudi na habari, samahani kwa kimya.

Mvua za masika zimeanza kwetu wiki mbili zilizopita. Mbegu ya utupa nimepata Bumbuli, kwa mtoto wa yule rafiki wa baba. Nimeomba, sikununua. Nimepanda mashimo 12 kwenye tuta, umbali wa hatua moja moja. Kivumbasi nimeletewa matawi na shangazi, yamesharudisha majani. Bangi mwitu umeota wenyewe, huo hauna shida.

Na jana asubuhi mama aliniita nyuma ya banda la kuku. Mshunga una mizizi inayotambaa chini ya udongo, kumbe dawa haikuimaliza yote. Yamechomoza majani saba, membamba, yamelalia udongo. Mama aliinama akavunja ncha ya moja, akaangalia maziwa yanavyotoka, akalamba kidole. Kikapu alikuwa nacho mkononi lakini hakuchuma. Alisema tuyaache yatoe mbegu kwanza, akaniambia nizungushie miti, kuku wasiyaparue.

Nimeshazungushia.